Viazi vya Ijumaa

Kadi yangu ya ukaazi ilisema mimi ni mfanyakazi wa usafi. Uongo mtupu. Nilikuwa mpishi, tena mpishi wa miaka sita katika nyumba ya wageni kule Naivasha, kabla ya wakala mmoja wa Nairobi kunipandisha ndege ya Maskati mwishoni mwa miaka ya tisini. Alipokuwa akijaza fomu aliniambia nafasi za upishi zimekwisha, niingie tu na hiyo ya usafi, nikifika nitabadilishiwa. Nikamwamini. Miaka miwili baadaye bado nilikuwa namenya vitunguu na kupiga deki katika jiko la kampuni moja ya chakula katika mtaa wa Ghala, na kila nilipoitazama ile kadi damu ilinichemka.

Mpishi mkuu wetu alitoka Kerala. Alikuwa na mkono mzuri wa biriani, hilo simnyimi, lakini hakutaka kusikia neno kutoka kwa mtu aliyeshika mopu. Juu yake alikuwepo meneja, mwanamke wa Kiomani ambaye wazazi wake walitokea Unguja. Mimi naye tulielewana kwa Kiswahili, ingawa chake na changu kilikuwa mbalimbali.

Balaa lilianza na viazi. Wahandisi wa Kiingereza waliokaa pamoja mtaa wa Al Khuwair waliagiza kila Ijumaa wapelekewe nyama ya kuoka na viazi vya kuoka. Nyama haikuwa na neno. Viazi ndivyo vilivyotutia aibu: nje vyeusi, ndani vina utamu usioeleweka, na badala ya kukauka hadi viparaze kwenye meno, vililegea. Ijumaa tatu mfululizo vilirudi kama vilivyokwenda. Wahandisi wakasema mambo yakiendelea hivyo watatafuta jiko jingine.

Meneja akashuka jikoni, akasimama mbele ya beseni langu la vitunguu.

"Weye uliwahi kunambia ulikuwa mpishi kwenu. Mbatata hizi unaziweza?"

"Naziweza, Madam. Lakini nikifaulu, kadi yangu ibadilishwe. Iandikwe mpishi."

Akacheka. "Ushaanza masharti! Haya. Wakila wakamaliza, ntakubadilishia."

Nikajifunga kibwebwe. Mpishi mkuu hakupenda, lakini hakuweza kumkatalia meneja, basi akaniachia muda wa saa mbili mchana, wakati wenzetu wote wanakwenda kulala na oveni zimepumzika. Nilifanya kila kitu kama Naivasha. Nilivichemsha katika maji ya chumvi mpaka kingo zikalainika, nikavichuja, nikavitikisa ndani ya sufuria mpaka vikachubuka pande zote, nikavitia kimoja kimoja kwenye mafuta yaliyoanza kutoa moshi. Vikatoka vyeusi. Kesho yake nikapunguza moto. Vyeusi. Nikabadilisha mafuta, nikajaribu samli, nikahama kutoka viazi vya Misri nikaenda vya Pakistani. Vyeusi, na utamu uleule wa kuchukiza. Nilikuwa nimejigamba mbele ya jiko zima, sasa wenzangu wakiamka usingizini wanakuta nakwangua trei. Mmoja aliniuliza kama Kenya tunakula makaa. Nikamwambia asubiri.

Jambo moja tu sikuligusa, kwa kuwa nililionea fahari. Mimi ni mtoto wa Kinangop, ambako asubuhi nyingine nyasi huamka zimepauka kwa umande wa barafu. Stoo ya mama yangu ilikuwa na giza na baridi ya kuuma vidole, na viazi vyake vilikaa humo miezi bila kuharibika. Nilipofika Oman nikaona joto lile, nikajua adui wa viazi ni nani. Kwa hiyo nilivisukuma magunia kwa magunia hadi ndani kabisa ya chumba cha baridi, karibu na feni, nikijiona nimevirudisha nyumbani. Mpishi mkuu naye alikuwa na sheria yake kwamba kila mboga ikae chumba cha baridi. Hilo ndilo jambo pekee ambalo mimi na yeye hatukuwahi kubishania.

Ikaja Idi ya kuchinja. Chumba cha baridi kikajaa mbuzi, na gunia moja la viazi likakosa nafasi, likatupwa nyuma ya mchele katika stoo ya vitu vikavu. Nililikuta huko wiki mbili baadaye, nikalitumia kwa sababu ya uvivu tu, lilikuwa karibu. Nilipofungua oveni nilidhani macho yananidanganya. Viazi vilikuwa na rangi ya dhahabu. Nikauma kimoja, kikaparaza, na ndani kilikuwa laini kama unga. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Sikuamini bahati. Kesho yake nilichukua viazi vya stoo na vya chumba cha baridi, vyote vya magunia ya shehena moja, nikavichemsha sawa, nikavitia trei moja, mafuta yaleyale, vya stoo kushoto na vya baridi kulia. Kushoto vikatoka dhahabu, kulia makaa. Miaka mingi baadaye nilielezwa kwamba baridi kali huzidisha sukari ndani ya kiazi, na sukari huungua. Baridi ya mama ilikuwa ya kiasi. Ile ya Ghala ilipita kipimo, nami ndiye niliyekuwa nikiipelekea magunia.

Ijumaa hiyo nikapika mimi, kwa viazi vya stoo. Trei zikarudi tupu.

Jumamosi meneja aliingia jikoni anatabasamu, na kabla sijafuta mikono, mpishi mkuu akamwambia kwamba amebadilisha aina ya mafuta, na siri ni hiyo. Nilikuwa nimesimama palepale. Sikusema kitu. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa mstahimilivu, lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Mpishi mkuu alikuwa na uwezo wa kunirudisha nyumbani, nami nilikuwa na kadi inayosema usafi. Meneja akampongeza, akanipita. Katika basi la kampuni la kuturudisha Ruwi, tulikokuwa tukiishi, nililia njia nzima, na yalikuwa machozi ya hasira.

Wiki iliyofuata mpishi mkuu akatangaza kwamba viazi atapika mwenyewe. Nilimwuliza nimtolee viazi vya wapi. Akaniuliza mboga hukaa wapi katika jiko hili. Nikamwambia vya stoo ni vizuri zaidi. Akasema nisimfundishe kazi. Sijawahi kuwa mtiifu kama siku ile. Nilimletea gunia kutoka ndani kabisa, karibu na feni.

Alasiri ya Ijumaa hiyo meneja alirudi na trei moja mkononi, imejaa viazi vyeusi. Mpishi mkuu akalaumu viazi, kisha oveni, kisha dereva aliyechelewesha chakula. Meneja akamwacha amalize.

"Mafuta ni yaleyale ya wiki iliyopita?"

Ni yaleyale.

"Na oveni ni ileile?"

Ileile.

Akanigeukia. "Sasa kilichobadilika nini?"

Nikaegemeza mopu ukutani.

"Mpishi, Madam. Wiki iliyopita nilipika mimi."

Meneja alivuta kiti akaketi, akasema, "Haya, pika. Nnakungoja."

Nilikwenda nyuma ya mchele, kulikobaki viazi vya stoo. Nilimenya, nikachemsha, nikatikisa, nikatia kwenye mafuta, na muda wote huo hakuna aliyetoka. Nilipotoa trei ya kwanza meneja alichukua kiazi kimoja kwa vidole, akakipuliza, akala. Akachukua cha pili. Cha tatu akakila taratibu huku akimtazama mpishi mkuu, naye alikuwa akitazama sakafu niliyoipiga deki asubuhi.

Kisha akanyoosha mkono uliojaa mafuta.

"Lete kadi yako."

Nikaitoa mfukoni, nikampa, nikageukia oveni, maana trei ya pili ilikuwa imefika wakati wa kugeuzwa.