Kinundu Shingoni mwa Mfalme

Kwa miaka mingi nimekusanya peni za zamani za Uingereza, zile pana za shaba ambazo wazee wa hapa Bujumbura walirudi nazo kutoka Uganda na Kigoma. Watu hudhani natafuta zinazong'aa. Mimi natafuta zilizoharibikia kiwandani.

Ngoja nieleze, si jambo gumu. Peni hupigwa kwa muhuri wa chuma. Muhuri ukimeguka, shaba hujaa penye pengo, na tangu hapo kila peni hutoka na kinundu mahali palepale. Kwa hiyo ukiona kitu kimeinuka juu ya uso wa peni, usikidharau. Kilichobonyea au kukwaruzwa mara nyingi ni kazi ya mifuko ya watu.

Nilikuwa na peni moja yenye kinundu kidogo shingoni mwa mfalme. Wakusanyaji wenzangu, ambao tunaandikiana nao kwa simu, waliicheka: hicho ni kitone cha risasi, mtu kakichomelea. Njia ya kuwajibu ilikuwa moja tu, kupata peni ya pili ya mwaka uleule yenye kinundu palepale. Niliisaka hadi nikakata tamaa. Juzijuzi nikaikuta Buyenzi, kwa mzee muuza vitambaa, ndani ya kopo la vifungo. Kinundu chake kilikuwa kikubwa zaidi, maana muhuri ulikuwa umezidi kumeguka. Nusura nimkumbatie yule mzee.

Lakini mkono wangu hutetemeka, na picha zote nilizopiga ili niwatumie wenzangu zilitoka na ukungu. Shemeji yangu, mchomeleaji wa mtaa wa viwanda, Zone Industrielle, akajitolea kunitengenezea kistendi cha kushikilia lenzi. Nikampa hii peni mpya aipime, lenzi isije ikagusa kinundu, nikamweleza taratibu, kwa chai, habari zote za muhuri. Aliitikia kwa kichwa hadi mwisho.

Alirudi na kistendi, meno yote nje.

"Shemeji, mi nimekusaidia na kitu ingine. Hii faranga yako ilikuwa na mukosa ku shingo. Nimepitisha tupa kidogo tu. Angalia venye iko muzuri!"

Shingo ya mfalme ilikuwa laini, inang'aa kama sufuria mpya.

"Si nilikwambia kinundu ndiyo mali yenyewe?"

"We ulisema ni kasoro ya kiwanda. Kasoro mi naiacha namna gani? Patro, mukubwa wa kazi, angenifukuza."

"Kwa hiyo hukunisikiliza."

"Apana, nilisikia yote. Ndiyo maana nilijua pa kukata."

Dada yake, yaani mke wangu, alikimbilia jikoni, nikamsikia akicheka.

"Usikasirike, shemeji. Nitachomelea katone kamoja, palepale."

"Hilo ndilo wanalosema wale wakusanyaji wenzangu!"

Kilichoniuma zaidi ni kistendi chenyewe. Kilisimama imara kabisa. Picha ya kwanza isiyo na ukungu niliyowahi kupiga ni ya mikwaruzo ya tupa, yote imelala upande mmoja, unaiona mmoja mmoja.

Nikatoa ile peni ya zamani, sasa imebaki peke yake tena, ili nimweleze upya tangu mwanzo. Aliinama kwenye lenzi, akatazama kwa muda mrefu.

"Eh, shemeji. Na hii iko na kanundu kadogo. Tupa iko mu mufuko."

Niliifunika peni kwa kiganja, nikamwita mke wangu alete chai nyingine.