Moto wa Shangazi Ulipoingia Tanurini

Shangazi yangu anaunda moto. Sisemi anauwasha, maana kuwasha hata mimi naweza. Yeye anakaa mezani na penseli, anachora chuma chenye matundu na mapanga, na chuma hicho kikishachongwa na kufungwa kwenye tanuri la kiwanda, kinatoa moto wa umbo analolitaka yeye: mrefu na mwembamba kama mkuki, au mfupi na mnene kama boga. Chuma chenyewe kinaitwa kichomeo. Kabla ya kuja kukaa kwake likizo hii nilidhani moto ni moto tu. Kumbe!

Bibi anasema yote yalianza na jiko lake la mafuta ya taa. Jiko lilikuwa linatoa masizi, na Shangazi, akiwa bado mtoto wa shule ya msingi, akalifungua lote mpaka skrubu ya mwisho.

"Natoka sokoni nakuta jiko limetawanyika sakafuni kama njugu," Bibi humsimulia kila mgeni. "Nikamshika sikio hilo! Lakini alipolirudishia, jamani, liliwaka buluu tupu."

"Sikio bado linauma, Mama," Shangazi hujibu.

Baadaye alisomea mitambo chuoni, na tangu amalize amekuwa akizunguka viwandani kutengeneza vichomeo vilivyobuniwa na watu wengine. Anavisafisha, anavibadilishia vipuri, anavisema vibaya. Usiku na mchana anachora vya kwake, lakini hakuna kiwanda kilichowahi kukubali kuwasha hata kimoja.

Mpaka kiwanda cha vigae. Kichomeo chao cha zamani kilikuwa kinafuka moshi mpaka vigae vinatoka na madoa meusi. Meneja alikuwa ameshachagua kingine cha kuagiza kutoka nje. Shangazi akamganda mpaka akalegea.

"Sawa Mama, nakupa tanuri dogo kwa siku moja," Meneja alisema. "Kikitoa moshi naagiza cha nje, na tusizungumze tena habari hii."

Shangazi alirudi nyumbani anatembea kama amevaa viatu vya springi. Nikamuuliza, hivi mafuta yanatoa moshi kwa nini hasa? Alijaza maji mdomoni, akanipulizia usoni, pwaaa!

"Shangazi!"

"Umeona? Hujaloa, umepata ukungu. Ndivyo watu wanavyonyunyizia shati kabla ya kupiga pasi. Sasa kazi yangu yote ni hiyo." Alinirushia taulo. "Tone la mafuta likiingia kwenye moto linaungua ngozi tu, ndani linabaki bichi. Hayo ndiyo masizi. Ukilivunja likawa ukungu, na kila chembe ikakutana na hewa, hakibaki kitu."

Akanionyesha nozeli, kipande cha shaba chenye kitundu ambacho hata sindano ya cherehani haipiti. Mafuta mazito yanapashwa joto kwanza ili yawe mepesi, kisha pampu inayasukuma yapite hapo. Kuizunguka nozeli kuna pete ya mapanga madogo ya bati gumu, yamelala upande, na feni inapuliza hewa katikati yake. Mapanga hayazunguki. Hewa ndiyo inayozunguka.

"Isipozunguka," Shangazi alisema, "inapita pembeni ya mafuta kama jirani aliyekununia."

Mtu aliyemfungia vyuma hivyo ni fundi wa kuchomelea, wanamwita Cheche. Walikijaribu uani kwake, kwanza kwa maji, halafu kwa mafuta yenyewe. Nilikuwepo walipokiwasha. Moto ulitoka umenyooka, wa manjano safi, bila uzi wa moshi. Cheche alicheza ngoma na kofia yake ya kuchomelea kichwani.

"Dada, huo si moto, huyo ni bibi harusi!"

Basi siku ikafika. Nilienda nao kiwandani nikasimama nyuma ya mstari walioniambia nisiuvuke. Feni ikanguruma, pampu ikafuata, Shangazi akaingiza mwenge. Vuuu! Nikashangilia. Nilishangilia mapema mno. Kwenye tundu la kuchungulia, lile lenye kioo cheusi, moto ulionekana mwekundu na mvivu, unajiburuza mpaka ukuta wa mwisho na kuulamba. Mara mlinzi wa getini akapaza sauti.

"Moshi! Moshi huo!"

Bomba la moshi lilikuwa linatapika weusi mtupu. Meneja alitazama juu, akamtazama Shangazi.

"Mama, umeona mwenyewe."

"Siku haijaisha," Shangazi akasema.

Meneja akashusha pumzi. "Haya, ngoja nikale. Lakini nikirudi nikikuta hali ni hii, unafungua vyuma vyako."

Wakazima. Cheche alipendekeza feni iongezwe nguvu.

"Hapana," Shangazi akasema. "Hewa ikizidi inapoza tanuri. Tutakuwa tunapasha joto upepo na kuutupa nje, na vigae vibaki vibichi."

"Sasa tufanyeje? Uani uliwaka vizuri!"

Shangazi alilikodolea macho tanuri. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kiuno. Niliogopa kidogo.

"Uani! Cheche, uani moto wetu ulikuwa mwizi! Ulikuwa unaiba hewa pande zote, na sisi tunaupigia makofi. Humu ndani kuna kuta, utaiba kwa nani? Una hewa ya feni tu, na hiyo inapita pembeni, haiingii kwenye ukungu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hewa inatosha ila haizunguki vya kutosha. Mapanga tumeyalaza kidogo mno. Tuyalaze zaidi. Lete koleo!"

Wakakichomoa kikiwa bado cha moto, wakakiweka juu ya matofali. Shangazi alikata kipande cha boksi kwa mkasi kiwe kipimo cha mlalo anaoutaka, akaanza kukunja panga moja baada ya jingine. Cheche akashika upande wake, anakunja kwa pupa.

"Taratibu, hiyo si shingo ya mdeni wako!"

Hajamaliza kusema, panga likafanya tak, likang'oka kwenye shina. Cheche alivuta kofia usoni, akalichomelea upya, na safari hii mkono wake ulikuwa mpole kama anamvisha mtoto hereni. Mimi nilikuwa nimejiuma kidole bila kujua.

Meneja akarudi anafuta midomo. "Tayari?"

"Tayari," Shangazi akasema, na jasho linamdondoka kidevuni.

Feni. Pampu. Mwenge. Kwanza moto ulikohoa, nikafumba macho. Halafu ukashika sauti ambayo sijawahi kuisikia, nzito, iliyonyooka, kama shuka linalochanika bila kufika mwisho. Sakafu ilitetemeka chini ya viatu vyangu. Mlinzi akaja mbio kutoka getini.

"Umezimika! Jamani, moto umezimika!"

"Si nilisema," Meneja akaguna.

Shangazi hakubishana. Alisogea pembeni, akamwonyesha kioo cheusi. Meneja akainama. Ndani, moto ulikuwa umejivuta nyuma, mfupi, mnene, mweupe karibu na mdomo wa kichomeo, unajizungusha wenyewe bila kugusa ukuta. Akatoka mbio kwenda kuangalia bomba. Nikamfuata, mstari niliusahau. Juu ya bomba hakukuwa na kitu! Hewa ilikuwa inatetemeka tu, mawingu ya nyuma yake yakicheza kama yako ndani ya maji.

Tukarudi. Meneja akachungulia tena, akakaa hapo muda mrefu.

"Cha nje siagizi," akasema mwishowe, bila kuinua kichwa. "Tanuri kubwa unaweza kulianza lini?"

"Nipishe kwanza," Shangazi akasema. "Mwenyewe sijauona vizuri."

Akaweka jicho kwenye kioo, na uso wote ukawa wa dhahabu. Meneja alisubiri kwa adabu. Alisubiri tena. Kisha akamgusa bega.

"Mama, zamu yangu."