Natibu Vidonda vya Watu, cha Baba Mkwe Nimekatazwa Kukigusa

Admin, nifichie jina, maana wifi zangu wamo humu na simu hawaziweki chini. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nina watoto wawili, tunaishi Tunduma. Mume wangu anapitisha mizigo ya watu mpakani. Mimi ni nesi, na nilipelekwa kusomea vidonda sugu, vile tunavyoviita kidonda ndugu, vinavyokaa na mtu mpaka ukoo unaanza kumtafuta mchawi. Naipenda kazi yangu, hata kama wenzangu hawapendi kula karibu na mimi.

Baba mkwe wangu yuko Mbebe, Ileje. Ana kidonda juu ya kifundo cha mguu tangu sijaolewa. Kwa msiojua, kwenye ukoo wa mume wangu mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hamsalimiani, hamkai pamoja, akija njiani wewe unachepuka kwenye migomba mpaka apite. Ni heshima na sijawahi kuidharau. Uso wa yule mzee naujua kwa picha ya ukutani tu. Lakini kidonda chake nakijua, kwa sababu tukienda kwao, nikiwa jikoni harufu inanifikia, na kwa kazi yangu harufu inaniambia mengi.

Nilianza kwa adabu. Nikamfundisha wifi yangu asafishe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, aache kumwagia unga wa kapsuli, halafu afunge bandeji ya kubana kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, maana shida yenyewe iko kwenye mishipa inayoshindwa kurudisha damu juu. Nikigeuza mgongo tu wanaifungua. Wanasema inambana mzee, kidonda kinataka hewa, wanamkalisha juani. Kinakauka juu, chini kinachimba. Nilikuwa nalia kwa hasira.

Mwaka jana wifi akaolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na mzee akashikwa na homa. Zahanati walimchoma sindano, homa ikashuka, lakini wakasema kidonda kisipopata mtu wa kukitunza, atakatwa mguu. Mama mkwe akanifuata jikoni. Macho yake yana mtoto wa jicho, haoni vizuri. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sioni tena. Huyu mzee atanifia humu ndani na wewe upo."

Akaenda kuzungumza na mzee kwa Kindali, lugha yao, muda mrefu, kisha akaniita. Nilipoingia mzee alikuwa kwenye kiti, amejifunika blanketi kuanzia kichwani mpaka magotini, mguu tu ndio uko nje. Sikumwona na yeye hakuniona. Nikapapasa mapigo ya damu juu ya unyayo, nikayakuta yanapiga vizuri, nikajua mguu huu unaweza kubanwa. Nikasafisha, nikafunga. Nilipomaliza akatikisa kidole gumba cha mguu kidogo tu, nikaichukua kama ndiyo asante yake.

Nikawa nakwenda kila nikipata mapumziko. Safari hii bandeji haikufunguliwa, mzee mwenyewe alikataza isiguswe. Kila nikienda nachora ukingo wa kidonda kwenye nailoni, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye utafiti nilipokuwa masomoni, nione kama kinapungua. Kilikuwa kama kiganja changu, kikafika kama kifuniko cha soda. Mzee akaanza kwenda mwenyewe kuangalia kahawa yake. Jamani, nilikuwa na furaha.

Siku moja baba mdogo, mdogo wake mzee, akaingia bila hodi, akanikuta nimepiga magoti na mguu wa mzee uko kwenye paja langu. Kikaitwa kikao cha ukoo. Wakasema nimemvua mzee heshima. Mzee alikuwa chumba cha pili, hakuulizwa, na akisema yeye ndiye aliyekubali, aibu inakuwa yake pia. Mimi nikamwekea mume wangu zile nailoni mbele yake, ndogo juu ya kubwa, aone mwenyewe. Aliziangalia sana. Kisha akasema, "Sijakuuliza kidonda. Nakuuliza heshima ya baba yangu. Ukimgusa tena, Tunduma usirudi."

Nikaacha. Najua mtasema nitume nesi mwanaume. Nilimwomba kaka mmoja wa kazini, akaenda mara moja, kwa mvua na barabara ile hakutaka tena. Kidonda kimerudi na kimepita pale kilipoanzia. Mbeya wamempima na wamesema wakimwona tena katika hali hii, wanakata. Mume wangu naye hana raha, usingizini anaguna.

Jumapili iliyopita tulikwenda wote kuwasalimia. Nikavuka uani na ndoo. Mlango wa mzee una pazia, na chini ya pazia niliona mguu umetolewa nje, umewekwa juu ya kigoda, wazi, hauna kitu. Pembeni kuna beseni la maji linatoa mvuke, na bandeji yangu ya zamani, imefuliwa na kukunjwa. Hakuniita, hawezi kuniita. Nikageuka, mume wangu amesimama uani ananitazama. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Nikapita na ndoo yangu. Niliporudi mguu bado ulikuwa pale. Wakati tunaaga bado ulikuwa pale, na beseni halitoi tena mvuke.

Jumapili hii tunakwenda tena. Nikipiga magoti mlangoni pale sina ndoa, nikipita tena mzee hana mguu. Msinitukane, nimechoka. Ninyi wenye baba wakwe, ninyi wenye wazee wagonjwa, niambieni, nipige magoti au nipite?