Nilichokipata Baada ya Kusema "Tayari"

Juzi kule Isansa nilimkuta mama mmoja akichambua kahawa kwenye kichanja, jua la asubuhi likimmulika mikono. Picha ya namna hiyo nilikuwa nimeihangaikia wiki nzima. Nikaomba ruhusa.

"Na mikono michafu hivi? Subiri, mwanangu," akasema, akaingia ndani.

Wingu likaja, jua langu likapotea. Mama akatoka na kitenge cha kanisani na majirani wawili waliojipaka mafuta hadi wanang'aa. Wakasimama wima, midomo imefungwa kama wanaapishwa.

"Cheka kidogo, mama."

"Nicheke nini, nawe hujasema kitu?"

Nikapiga. "Tayari!" nikatangaza. Hapo hapo wote watatu wakashusha pumzi, wakatazamana, wakaangua kicheko huku wameshikana mabega. Nikapiga tena haraka. Moyo wangu ukaruka: ndiyo hii!

Nikawaonyesha zote mbili. Mama akaigusa ile ya kwanza.

"Hii unisafishie, niitundike ukutani. Hiyo ya kucheka kaa nayo mwenyewe, usionyeshe watu."

Nikaahidi. Ndiyo maana leo, wasomaji wangu, nawasimulia tu.