Mineko, Aliyeichora Ubahama

Mineko Hatakeyama alikuwa mchoraji wa mandhari. Katika filamu za katuni, kila kilichokuwa nyuma ya wahusika kilipita mikononi mwake: mlima, ukuta wenye ukungu, anga linalokaribia kunyesha. Mimi nilikuwa chumba cha pili pamoja na wapaka rangi, na kwa miaka yote tuliyofanya kazi katika ile studio ndogo ya magharibi mwa Tokyo, ghorofani juu ya duka la baiskeli, chakula cha mchana tulikuwa tukila pamoja. Haya ninayosimulia mengi nimeyaona kwa macho. Mengine aliniambia mwenyewe huku akitafuna achari ya figili.

Alitokea Ubahama, mji wa wavuvi huko kaskazini, katika pwani ya Iwate. Alikuja na lafudhi ya kwao, na vijana wa studio hawakumwacha apumue.

"Dada Mineko, rudia tena hilo neno, tuliwekee maandishi chini ya picha."

"Mniwekee maandishi mimi? Nyinyi Kijapani chenyewe mnakimung'unya kama ajuza aliyepoteza meno."

Walimpenda kwa sababu hiyo. Lakini jambo moja hawakuwahi kumtania. Kaka yake, Katsumi, alikwenda baharini kuvua siku moja bahari ikiwa shwari kabisa, na hakuonekana tena, wala yeye wala mashua. Mama yao aliendelea kumpakulia bakuli lake la wali kila asubuhi mpaka alipokufa. Katika kaburi la Katsumi ilizikwa kofia yake tu.

Mwishoni mwa enzi ya Showa, katika miaka ya themanini, mwongozaji wetu, Iwao Tsukuda, ambaye sote tulimwita Mwalimu, alianza kutengeneza filamu kubwa kuliko uwezo wa studio yetu. Iliitwa *Sayo na Malkia wa Chumvi*. Msichana wa pwani, Sayo, kaka yake anachukuliwa na bahari. Anaaga mji mzima, anapanda mgongoni mwa pweza mkubwa mwenye macho kama taa za gari, anashuka mpaka ufalme ulio chini ya maji, na huko anapambana na malkia anayewageuza watu kuwa nguzo za chumvi.

"Nataka mji wa pwani," Mwalimu alimwambia Mineko. "Mji wanamoishi watu, sitaki wa kadi za watalii."

Mineko akauchora mji wao. Akachora duka la akina Onodera la kuuza tofu ya soya na ndoo ya bluu mlangoni, ule mlingoti wa mistari mlangoni kwa kinyozi, uliopasuka, ngazi za mawe za kupandia hekaluni, nyavu zilizoganda kwa baridi, kitako cha gati palipofungwa mashua za chaza. Alichora kwa kukumbuka, hakuwa na picha yoyote mkononi. Nilikuwa nikipita nyuma ya kiti chake nasikia kama nina harufu ya samaki puani.

Waligombana juu ya mwisho. Katika michoro ya awali ya Mwalimu, Malkia anashindwa, nguzo za chumvi zinayeyuka, na kaka yake Sayo anatoka majini akitembea, anacheka. Mineko aliitazama michoro ile, akainuka, akaenda mpaka mezani kwa Mwalimu mbele ya watu wote.

"Mwalimu, huyu kaka asirudi."

"Kwa nini asirudi? Dada yake amevuka bahari nzima kwa ajili yake."

"Wanaoingia huko hawatoki. Filamu yote imesema kweli, halafu tukifika mwisho tunadanganya?"

"Mineko, watoto watakaa gizani humo muda mrefu. Siwezi kuwatoa nje mikono mitupu."

"Basi tafuta mtu mwingine akuchoree huo ufuo."

Mwalimu akatafuta mtu mwingine. Mwenye jicho ataona: ufuo wa mwisho katika filamu ile ni mzuri, mchanga mweupe, maji ya kijani, ila si wa mahali popote.

Filamu ilitoka. Mhakiki mmoja wa gazeti la jioni aliiandika vizuri kuliko wote. Alisema bahari yake inapumua, na kwamba kuna kimya ndani yake ambacho filamu za watoto hazithubutu kukiweka. Kisha akageuka. Malkia wa Chumvi ni mkatili, sawa, lakini anataka nini? Hatuambiwi. Wale viumbe wa baharini wanaochekesha wametoka katika filamu nyingine na kupotea njia. Sehemu ya katikati, Sayo anapopita mlango kwa mlango akiuaga mji, ni ndefu mpaka mtu anasinzia. Na mwisho umekaa juu ya hadithi kama kifuniko cha sufuria ya jirani.

Mineko alilisoma gazeti lile akiwa amesimama. "Huyu ana macho," alisema. Wiki chache baadaye majumba ya sinema yakaiondoa, na yeye akaondoka studio bila kumuaga Mwalimu. Hawakuzungumza tena kwa zaidi ya miaka ishirini. Akafanya kazi huku na kule, akachora kalenda, akafundisha. Mimi na yeye tuliendelea kutembeleana.

Halafu ikaja ile Machi ya tetemeko na tsunami. Ubahama ilifutika. Barabara zilipofunguliwa Mineko alikwenda, na aliporudi alikuja kwangu moja kwa moja na begi lake.

"Nilitafuta ulipokuwa mlango wetu," alisema. "Nikashindwa, Nobue. Mimi!"

Nilimpikia chai ikapoa mbele yake.

Majira ya baridi yaliyofuata, alipigiwa simu na Bibi Tomeyo Oikawa, ambaye zamani alikuwa na duka la vifaa vya uvuvi jirani na kwao. Bibi huyo sasa alikuwa akiishi katika nyumba za muda zilizojengwa kilimani, kwenye uwanja wa shule, pamoja na watu wa Ubahama waliosalimika.

"Mineko, ile katuni yako bado ipo?" aliuliza. "Picha zetu zote zimekwenda na maji. Sina hata moja ya kuonyesha kwamba niliwahi kuwa na mlango."

Mineko akaenda na kanda ya filamu ile, nami nikamfuata nimebeba projekta ya kuazima. Ndani ya treni Mineko aliniambia alichokusudia.

"Nitaizima Sayo akiwa bado chini ya bahari."

"Filamu itakuwa haina mwisho."

"Afadhali isiwe nao. Nusu ya watu wale wana mtu ambaye hajapatikana. Nikawaonyeshe mtu anatoka majini akicheka?"

Ilikuwa Jumapili mchana. Ukumbi ulikuwa mdogo, jiko la mafuta ya taa linanuka katikati, na kina mama wamepanga matonge ya wali na machungwa juu ya meza. Pazia tulilitundika kwa kamba. Mwanzoni watu walitazama kimya, kwa adabu, kama wageni. Ndipo Sayo akaanza kuuaga mji.

"Hapo! Simamisha hapo!" mama mmoja aliruka. "Lile si duka la Onodera?"

"Na ndoo ya bluu! Ile ndoo yetu, walituibia!"

"Tuliwaibia nini? Mliiacha wenyewe kwenye tamasha mkiwa mmelewa!"

"Jamani, mlingoti wa kinyozi umepasuka vilevile. Alikuwa kila siku anasema atautengeneza kesho."

Mineko alirudisha nyuma, akasimamisha, akarudisha tena. Bibi Tomeyo alisogea na kiti chake mpaka akakaribia kuligusa pazia. Sayo alikuwa amesimama mbele ya duka lake, anainama kuaga.

"Huyu mtoto ananizibia mlango," alilalamika. "Si asogee kidogo?"

Watu walicheka mpaka wakajifuta macho, na wengine hawakuacha kujifuta hata kicheko kilipokwisha. Ile sehemu aliyoilaumu mhakiki kwa urefu, waliitaka iwe ndefu zaidi. Watoto walichoka wakaenda nje kucheza na theluji.

Nyuma kabisa alikaa mfugaji wa chaza, Eikichi Konno, mikono ameikunja kifuani. Mkewe, Hisae, hakuwa amepatikana. Hakusema kitu mpaka lilipotokea gati.

"Pale ndipo alipokuwa akinisubiri," alisema, si kwa sauti kubwa. Mineko aliiacha picha ile imesimama muda, kisha akaiachia iendelee.

Sayo akashuka, akafika katika jumba la Malkia. Wale viumbe wa kuchekesha walipita wakachekesha na hakuna aliyecheka. Mineko akainuka, akazima.

"Imeishia hapo. Asanteni sana."

"Imeishia wapi?" Bibi Tomeyo aligeuka kitini. "Mineko, unaniona nimezeeka kiasi hicho? Niliiona mjini na mjukuu wangu Hayato. Yule kaka anatoka majini. Hayato alipiga makofi mpaka watu wakatugeukia."

Kila mtu mle ndani alijua Hayato alivyokufa. Alikuwa zimamoto wa kujitolea, na siku ya tsunami alishuka kufunga malango ya ukuta wa bahari.

"Bibi," Mineko alisema, "mwisho ule si wa kweli."

"Nani amekuuliza kama ni wa kweli? Washa."

Mineko alinitazama. Akawasha.

Kaka yake Sayo akatoka majini. Bibi Tomeyo akapiga makofi, taratibu, viganja vyake vidogo vikavu, peke yake katika ukumbi mzima. Nyuma, Eikichi alisimama, akavaa viatu vyake mlangoni bila kufunga kamba, akatoka.

Mineko alimfuata bila koti. Nami nikamfuata na koti lake, ndiyo maana nikasikia.

"Binti Hatakeyama," mzee alisema bila kugeuka, "mitaa ile, asante. Sitasahau. Lakini lile la mwisho usinionyeshe tena. Mimi nakwenda ufuoni kila asubuhi. Unadhani sijui jinsi Hisae angetoka?"

"Najua, kaka Eikichi."

"Katsumi nilisoma naye darasa moja. Yeye alitoka?"

"Hakutoka."

"Haya basi."

Akaenda zake kati ya zile nyumba zinazofanana. Nilimwekea Mineko koti mabegani, hakulishika, likaanguka kwenye theluji.

Tuliporudi Tokyo aliniomba nimsindikize kwa Mwalimu. Alikuwa katika makazi ya wazee, miguu imekwisha nguvu, lakini kichwa chake kizima. Alipomwona Mineko alivuta blanketi akajiweka sawa, kama mwanafunzi.

Mineko alimsimulia yote. Alimwambia jinsi watu walivyoililia ndoo ya bluu.

"Na Malkia wangu?" Mwalimu aliuliza.

"Hakuna aliyemjali."

"Hata mimi sikujua alitaka nini," alisema mzee, akacheka akakohoa. "Nilidhani nitajua tukiendelea. Na mwisho?"

"Mmoja alipiga makofi. Mmoja alitoka nje."

"Na wewe?"

"Mimi bado sikubaliani na mwisho ule, Mwalimu."

Muuguzi alipita na kigari cha chai, magurudumu yakilia.

"Mwaka ule mama yangu alikuwa bado hai," Mwalimu alisema. "Wakati wa vita, usiku ule Tokyo ilipochomwa, mdogo wangu alimponyoka mkononi darajani. Hatukupata hata mfupa. Nilijua filamu ikitoka, mama atakuja kukaa mstari wa mbele kabisa, maana alikuwa haoni vizuri."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeuchora ule ufuo kwa kunionea huruma. Nilitaka unibishie mpaka mwisho. Nilidhani utarudi kesho yake tuendelee kubishana."

"Sikurudi."

"Hukurudi. Na ule ufuo ni mbaya, eti?"

"Mbaya sana, Mwalimu."

Walicheka wote wawili, kisha Mineko akaweka paji la uso wake ukingoni mwa kitanda na kulia. Mzee aliuweka mkono juu ya nywele zake, akatazama dirishani. Nikatoka chumbani nikasimama kwenye korido. Sikumuuliza kama mama yake alipiga makofi, ingawa hadi leo natamani ningejua.

Mwalimu alifariki kabla ya micheri kuchanua mwaka uliofuata. Mineko alifunga vitu vyake akahamia Ubahama mpya, ile iliyojengwa kilimani, katika chumba cha kupanga chenye dirisha la kaskazini. Kila Machi watu walitaka filamu ionyeshwe, naye aliionyesha yote. Bibi Tomeyo aliitazama hadi mwisho kila mara mpaka mauti yalipomfika. Eikichi naye hakukosa hata mwaka mmoja. Sayo akishamfikia Malkia, yeye hutoka akavuta sigara kando ya mlango, na filamu ikiisha hurudi ndani kunywa chai. Hakuna aliyemuuliza.

Nilipokwenda kumzika Mineko, vuli iliyopita, nilimkuta Eikichi jikoni hekaluni ameleta ndoo ya chaza za kuwalisha waliokuja mazishini. Kina mama walikuwa wakimwambia aziache, watazifungua wao, yeye akapumzike na wanaume wenzake. Alikataa, akasema za Mineko atazifungua mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda karibu na bomba, akachukua kisu, akaanza kuzifungua moja moja, akizipanga kwenye sinia.