Kisima Kilichofungwa Utepe Mwekundu

Mimi sikusoma. Nilifika darasa la pili nikatolewa kwenda kuchunga mbuzi, na kuandika nilikuja kujifunza ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, mtoto yuko titini na chaki iko mkononi. Nasema mapema ili mtu asije akatafuta humu maneno makubwa. Maneno makubwa waliyaleta wapimaji kwenye gari lao, na walipoondoka waliondoka nayo. Sisi walituachia utepe.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Wa umri wangu wanaikumbuka. Jana dukani hakuna sabuni wala kiberiti, leo kuna sabuni za kila rangi na makoti ya mitumba ya watu waliofia Ulaya. Kila kitu kikawa cha kuuzwa. Pale mjini, Majengo sokoni, ikafika mahali wakauza maji, maji haya haya, ndani ya chupa, na watu wenye akili zao wakanunua. Nilicheka mpaka nikaweka mzigo chini. Ugogo tumehangaika na kiangazi tangu enzi za mababu, kumbe tulichokuwa tunakosa ni chupa.

Kijijini kwetu, magharibi ya mji, upande wa mbugani, maji ya kiangazi yanakaa chini ya mchanga wa korongo. Mvua ikikatika, juu panakauka kama sakafu, lakini ukichimba unayakuta. Kila mwanamke aliyeolewa pale alikuwa na kisima chake, yaani shimo analolichimba upya kila mwaka palepale alipoonyeshwa na mama mkwe wake, akalizungushia miiba ng'ombe wasiingie. Changu kilikuwa kwenye kona, chini ya ukingo. Sitajifanya mnyenyekevu: hakikuwepo kingine kama kile. Pombe yangu ya uwele watu waliifuata kutoka vijiji vya mbali, wakipita kwenye pombe za wenzangu bila hata kugeuza shingo, na utamu wake haukuwa mkono wangu peke yake. Ulikuwa yale maji.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyeachika akarudi kwao na kisima chake kikawa jirani na changu, alikuwa akiwaambia watu kwamba natia sukari. Sukari! Miaka ya nyuma yake sukari tulikuwa tunaisikia redioni.

Basi mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Akasema wanakuja wataalamu, watapima maji ya visima na mchanga wa makorongo, eneo lote hili, tuwapokee vizuri. Wanapima nini ndani ya maji, hakusema. Nadhani hata yeye hakuambiwa, ila alikaa kama mtu aliyeambiwa. Sisi wanawake tulisikia neno moja tu: maji. Wakipima maji wanataka kuleta pampu. Na pampu haiwekwi kila mahali, itawekwa penye kisima kizuri. Hayo hakuna aliyetuambia, tuliyapanga wenyewe njiani tukirudi, na kufika nyumbani tulikuwa tumeshaanza kuchukiana.

Mgeni akija unafagia uwanja. Ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo tukafagia korongo. Wanawake walitoa tope lote visimani, wakasugua kuta za mashimo kwa mchanga mkavu, wengine wakapanga mawe pembeni kama kaburi la tajiri. Wifi alichomeka maua kwenye kopo la samli akaliweka mdomoni mwa kisima, utadhani ni altare. Mimi sikupanga mawe wala sikuweka maua. Nilichimba. Nikapita mchanga, nikapita changarawe, nikafika kwenye udongo wa kijivu unaonata ambao hata mama mkwe hakuwahi kuufikia. Nikautoa, nikaurundika ukingoni, na maji yakapanda maangavu mpaka ukajiona meno.

Wakaja. Mzungu mmoja mwenye kofia pana, kijana wetu mmoja msomi mwenye miwani, na dereva mwenye tumbo lake.

"Shikamooni, mama zangu," kijana akasema.

"Marahaba. Mbukwa, karibuni korongoni," nikamjibu kwa niaba ya wote, maana nilikuwa nimesimama mbele.

Akatazama visima kimoja baada ya kingine. Uso ukamshuka.

"Mama, nani amewaambia msafishe?"

"Kwani kwenu mgeni akija mnamwagia uchafu mlangoni?"

"Sisi tunataka tope, mama. Lile laini la siku zote. Ndilo tunalopima."

Wanawake wakatazamana. Wifi akasema neno la Kigogo ambalo sitaliandika hapa, wajukuu wanasoma.

"Mmepanda gari la serikali kutoka huko mlikotoka," nikamwuliza, "mje mchukue tope?"

"Si la serikali, mama. Ni la kampuni."

Tungekuwa na akili tungeuliza kampuni ya nini. Lakini tulikuwa tunafikiria pampu.

Ikabidi wapande juu ya korongo, mahali ng'ombe wanapokanyaga na kukojoa, ambapo hakuna aliyekuwa amefagia. Huko wakapiga magoti, watu wazima, wakachekecha mchanga kwenye chekeche ndogo na kufunga ule ungaunga wa matope kwenye vifuko vya kitambaa, taratibu, kama wanaopima dhahabu. Kisha wakarudi visimani kuchukua maji kwenye vichupa vidogo, kila kichupa wakakidondoshea dawa. Nikajisemea, hawa hata wangeshikwa na kiu, kwa vichupa hivi wangekufa.

Mzungu alikuwa amening'iniza kisanduku shingoni. Anakisogeza kwenye kisima, kinasema tik, kinanyamaza, kinasema tik. Kwa wifi kilisema tik moja, tena ya kuvuta, kama mtu anayesinzia. Alipofika kwangu, kwenye ule udongo wa kijivu nilioutupa ukingoni, kisanduku kikalipuka kama bisi chunguni. Mzungu akaruka, akamwita kijana, wakainama wote wawili, wakacheka.

Nikapiga kigelegele. Wewe ungefanya nini? Kisanduku kimechagua.

Wakachukua ule udongo, wakachukua maji, wakafunga utepe mwekundu kwenye miiba yangu. Na kwa wifi hawakufunga hata uzi.

Niliringa. Niliringa vizuri, kwa ufundi, maana kitu ukikifanya kifanye. Nilimwambia wifi, "Foleni ya pampu itaanzia hapo kwako, kwa hiyo toa maua, watu wasije wakajikwaa." Na wale wapimaji wakazidi kunipa kiburi, kwa sababu walirudi, wakarudi tena, kila safari moja kwa moja kwenye utepe wangu. Nikawa nawapikia. Mzungu alikula biskuti zake garini. Kijana alikaa nasi kwa adabu, akamega ugali kidogo, lakini maji alikunywa ya chupa. Hilo nililiona. Mtu anapima maji kutwa nzima, halafu anakunywa ya Dar es Salaam. Dereva ndiye aliyekula kama binadamu.

Siku moja wenzake wako korongoni, yeye amekaa ukumbini kwangu na ugali wa uwele na mlenda, akaniuliza, "Mama, hii pampu unayoisema kila siku, umeambiwa na nani?"

"Kisanduku."

Akaacha kutafuna. Kwa mtu yule, hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Mama, wale hawatafuti maji. Wanatafuta madini. Yanaitwa urani."

"Ya kazi gani?"

"Wanatengenezea umeme huko kwao. Na mabomu."

"Kisimani kwangu?"

"Kisanduku kikiyasikia ndipo kinalia." Akajichotea mlenda mwingine. "Lakini usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Haikuwa na haja. Wifi alikuwa upande wa pili wa ukuta anapepeta uwele, na ungo ulikuwa umenyamaza muda mrefu. Kabla mbuzi hawajarudi zizini kijiji kizima kilijua kwamba nimewanywesha mabomu. Watoto wakawa wanakatazwa kupita karibu na miiba yangu, wasije wakalipuka. Wanawake niliokuwa nawagawia maji visima vyao vinapokauka wakaanza kuchota kwa wifi, wakinipungia mkono kwa mbali kama mtu mwenye upele.

Hayo ningeyavumilia. Lakini mwanangu wa mwisho alikuwa anaoa, na pombe ya harusi ilikuwa imeshalowekwa, kwa maji yale yale. Kwetu mama wa bwana harusi ndiye anayewapikia pombe wakwe. Anaionja yeye kwanza mbele yao, kisha anampa kata mama wa bibi harusi. Akinywa, mmekuwa ndugu. Akiirudisha, hata ng'ombe wawe wamekwisha kutolewa wote, mwanao ameoa kwa watu wasiokutaka, na mkaza mwanao atalisikia hilo neno kila mtakapogombana mpaka siku ya kuzikwa kwako.

Mkwe mwenzangu akatuma ujumbe. Watakuja, watacheza, watakula. Kunywa, wasamehewe.

Wifi akaja na huruma yake imejaa ndoo. "Wifi yangu, imwage tu. Chota kwangu uanze upya. Kwangu kisanduku hakikusema kitu."

"Hata kisanduku kimekudharau," nikamwambia, "halafu unajisifia?"

Wapimaji waliporudi nikamvizia yule kijana pale pale kwenye utepe.

"Mwanangu, sema neno moja. Maji haya yanafaa kunywa au hayafai?"

"Mama, sampuli zimepelekwa nje. Maabara. Tusubiri majibu."

"Nimeyanywa tangu nilipoolewa. Nimezaa juu yake. Jibu si ndiyo mimi hapa?"

Akafuta miwani. "Kitaalamu, mama, siwezi kusema yanafaa. Na siwezi kusema hayafai."

"Na kwa mama yako ungesemaje?"

Akaangalia mchanga. Nikaona nisimwonee, anakula mshahara wa watu, nikamkaribisha harusini yeye na wenzake. Mgeni aliyekuchafulia kisima naye ni mgeni.

Siku ikafika. Wakwe wakakaa kivulini mwa tembe, kina mama upande mmoja. Nikaleta mtungi mwenyewe. Povu lilikuwa limesimama, harufu yake ingemwamsha mgonjwa. Nikachota, nikanywa, sikuonja, nilikunywa kata nzima bila kupumua, nikajifuta. Nikachota nyingine nikampa mkwe mwenzangu kwa mikono miwili.

Akaipokea. Akaiweka mapajani. Akasema, "Nimeshiba safari, mkwe."

Mwanangu akawa anaangalia viatu vyake vipya. Wifi alikuwa amejisogeza mbele asipitwe na kitu.

Basi hapo akatokea dereva. Alikuwa ametoka upande wa vijana, amekuja kufuata harufu. Hakujua mila wala hakuona nyuso za watu. "Mama, hii si ndiyo yenyewe?" Akachukua kibuyu, akachota, akanywa mpaka tumbo likasogea. Akachota tena.

Mkwe akamtazama. "Huyu ni nani?"

"Dereva wa wapimaji," nikasema.

"Huyu ndiye aliyesema habari za mabomu?"

"Ndiye. Mwulize wifi, alimsikia kwa masikio yake, kupitia ukutani."

Watu wakacheka. Wifi akaanza kukohoa. Dereva akachota tena.

"We baba," mkwe akamwita, "si ulisema kuna sumu?"

"Nilisema kuna urani, mama. Ubaya wa pombe sikusema." Akalamba mdomo. "Ningesemaje ubaya, na akili zangu ninazo?"

Mkwe akakitazama kile kichwa kilichoinamia kibuyu. Kisha akatazama povu mapajani mwake. "Kama bomu ndilo hili," akasema, "basi tulipuke wote." Akanywa. Akanywa yote, akanirudishia kata tupu, na kigelegele kilichopigwa pale nadhani hata kisanduku kilikisikia.

Mzungu naye akapewa akanywa, akawa mwekundu kama utepe wake. Kijana alikuwa amesimama nyuma ya gari na chupa yake ya maji mkononi. Nilimwona, naye aliniona namwona. Sikumwambia mtu.

Halafu wakaondoka. Tuliambiwa bei ya madini imeanguka huko duniani, kampuni imefunga. Majibu ya maabara mpaka leo nayasubiri. Labda nje ni mbali sana. Utepe ukapauka kwa jua ukawa mweupe, mbuzi akaula. Miaka ikapita wakaja wapimaji wengine na vichupa vingine na tepe za bluu, nao wakaniuliza kisima kiko wapi, nikawaambia wamwulize wifi, yeye ndiye mtu wa maua.

Pampu ilikuja, ya mradi mwingine kabisa, wakaiweka shuleni. Ina chumvi, na kila kiangazi inaharibika, lakini ni pampu. Mjukuu wangu anayesoma chuoni Chimwaga, mtoto wa yule mwanangu aliyeoa siku ile, ananiambia, "Bibi, hayo maji ya korongo uache." Namjibu kwamba nikiacha nitakufa kwa kiu ya chumvi. Anasema hiyo si hoja. Labda ndivyo wanavyofundishwa huko.

Nina mitungi miwili ukumbini. Mmoja wa maji ya pampu, na huo ndio wa wajukuu, na mjukuu akishika kata ya ule mwingine nampiga mkono. Ule mwingine ni wangu. Wifi naye kazeeka, anakuja na fimbo yake kila asubuhi kunisalimu na kunilalamikia miguu. Anaupita mtungi wa pampu bila hata kuutazama, anachota kwenye wangu, anakunywa, anasema maji haya ninatia kitu.