Makaroni Ndani ya Blanketi

Dada yangu hununua bidhaa Kigoma na kuziuza hapa Kalemie. Mwaka jana shehena yake moja ilinyeshewa ziwani: makaroni, yale mafupi yaliyopinda kama kiwiko. Katoni zililowa, na ingawa pakiti za ndani zilikuwa nzima, wateja walizikataa. Akaniletea mimi, kwenye chumba nilichopanga nikisubiri majibu ya kazi.

"Wewe njo umesoma," alisema. "Utajua ya kufanya."

Nilipomaliza chuo sikujua mambo mengi, lakini hilo nililijua upesi. Makala, yaani mkaa wa kupikia, huisha haraka kuliko subira ya mtu asiye na kazi, kwa hiyo nilibuni njia yangu. Maji yakitokota sana natia chumvi na makaroni, nakoroga, nafunika, naondoa sufuria motoni na kuifunga ndani ya blanketi. Makaroni yanajimalizia yenyewe humo ndani. Wakati huo mbabula, jiko langu la mkaa, iko huru, nakaanga kitunguu.

"Unabembeleza sufuria kama mutoto?" alicheka mama mwenye nyumba aliponikuta mlangoni nimeipakata.

Makaroni na ndakala, dagaa wetu wa ziwani, ndiyo yalinishinda kwa utamu. Unakaanga samaki hao wadogo kwa mawese, unaongeza nyanya na pilipili, unachanganya. Kila makaroni ni kibomba, na mara moja moja unakuta kichwa cha ndakala kinachungulia mlangoni. Karanga za kusaga zinafaa pia, ila usitie maji mengi. Sombe, yaani kisamvu, iliyolala inaingia vizuri kwenye vile vitundu. Asubuhi, yaliyobaki yakaange na yai mpaka pembeni yakauke na kulia chini ya meno. Niliwahi kujaribu ndizi mbivu. Hiyo tuiache.

Nilikuwa nimeanza kujiona mtaalamu, hapo mama akapiga simu kutoka Manono.

"Nakuja kukuangalia. Nikikuta umekonda, tunarudi wote."

Kurudi Manono kulimaanisha kukaa barazani kwa baba nikiulizwa na kila mpita njia kama bado natafuta. Na maombi yangu yote ya kazi yalikuwa Kalemie; nikiondoka, nani angenifuata kuniita? Sikulala vizuri. Niliwaza kukonda kunapimwaje. Kwa macho? Kwa kushikwa mkono? Nilijitazama shingo kwenye kioo, nikaamua kwamba siku hiyo nitavaa mashati mawili.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa chakula. Kwetu makaroni ni kitu cha harusi: kilima kidogo kando ya wali na kuku, unakila kwa kupitisha wakati. Anayekula makaroni matupu, bila bukari, ule ugali wetu, hajala, na mama akijua ninaishi hivyo angefunga mizigo yangu bila hata kukaa. Basi nikaamua kumpikia bukari. Sikuwahi kuipika maishani. Nyumbani mwiko ulikuwa wa mama na dada, mimi nilikuwa wa vitabu. Ili nisimlaze njaa ikiharibika, nilipika pia makaroni na ndakala, nikayafunga kwenye blanketi na kuyaficha kitandani.

Alifika mchana, vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi, na mfuko wa unga mgongoni mwa pikipiki. Alinitazama juu mpaka chini.

"Tumbo iko ya shefu," alisema, "lakini mikono iko ya mbu. Vua hiyo shati ya juu."

Nikavua. Akaona na ya pili, akatikisa kichwa. Kisha akafunua bukari yangu, akaibonyeza kwa kidole.

"Hii njo bukari ao njo mawe ya muto Lukuga?"

Aligeuka atafute pa kukaa, macho yake yakaangukia kitanda, na blanketi lililofura katikati.

"Nani analala pale?"

"Hakuna mutu, Mama."

"Hakuna mutu, na anatoa mvuke?"

Alikaza kitenge chake, akajipangusa vumbi usoni kama anayekwenda kusalimiana na mkwe, akavuta blanketi. Akaikuta sufuria. Nadhani alijuta kidogo kwamba hakuwa mkwe kweli.

Nikamweleza yote: katoni, makala, blanketi.

"Kila siku makaroni?"

"Kila siku, Mama. Lakini hayafanani."

Alichota kwa vidole viwili, akatafuna polepole. Akachota tena. Mara ya tatu alikuwa ameshakaa chini na sufuria iko mapajani.

"Nani alikufundisha hii?"

"Hakuna. Niliwaza tu."

"Kumbe mawazo yako siku ingine inazaa kitu."

Kisha akasimama, akaweka maji motoni na kufungua mfuko wake wa unga. Haikuchukua muda bukari ilikuwa mezani, laini, na kando yake makaroni yangu kwenye bakuli.

"Iko mboga muzuri," alisema. "Ilikosa bukari tu."

Nilifinya tonge, nikalitoboa kwa kidole gumba, nikazolea makaroni. Nilijiuliza kama tumbo linakubali unga juu ya unga. Lilikubali mara mbili.

Tukiwa tunakula, baba akapiga simu. Nilimsikia akiuliza kama nimekonda.

"Amekonda," mama alimjibu. "Lakini haiko ya njaa, iko ya kuwaza. Mboga anajua. Kesho namupa mwiko. Nikikula bukari yake nikashiba, anabaki. Nikitema, namuleta."

Asubuhi alinikalisha mbele ya mbabula, yeye akakaa nyuma yangu. Nilianza kuuliza unga kiasi gani, maji kiasi gani, nikoroge kuelekea upande gani.

"Usiulize. Koroga."

Nilikoroga mpaka mabega yakawaka. Bukari ilipoanza kuwa ngumu nilitaka kuacha, akanigonga mgongoni kwa ngumi; nikaendelea. Alikata tonge, akaligeuzageuza mkononi, akalila. Akakata lingine. Hakusifu. Alikula mpaka sahani ikabaki na alama za vidole, akanawa, akafunga kilemba chake.

"Sasa niitie pikipiki," alisema. "Ya mutu moja."